Mafuta ya Nazi Yakiganda: Kumtunza Kizee Masika na Kipupwe

Chupa ya mafuta ya nazi iliyokaa juu ya kabati ndiyo kipimajoto cha kwanza cha nyumba ya Pemba. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Ukiamka alfajiri ya Julai ukayakuta meupe, mazito kama samli, basi chumba kimeshuka chini ya hapo, na kama mna kizee ndani, mna kazi. Kijana ataona raha, atajifunika kanga na kulala mpaka jua lichomoze. Mtu wa miaka 80 hana raha hiyo. Nyama za mwili zimepungua, ngozi imekuwa nyembamba, na hata kutetemeka, ambako ndiko mwili unakojipashia moto, kumefifia. Baya zaidi ni kwamba wengi wao hawahisi kuwa wamepoa. Ukimuuliza atakwambia hajambo.

Haya yametokana na misimu miwili ya kumtunza bibi yetu, upande wa Wete: mjane aliyepita miaka 80, ana presha na kisukari, anakaa nyumba ya udongo iliyopigwa plasta, bati juu, bondeni karibu na mashamba ya mpunga. Kipupwe cha kwanza kilimfikisha hospitali. Cha pili alikaa barazani akitafuna tambuu na kutugombeza.

Baridi ya kwetu si ya barafu. Kusi ikivuma, Julai na Agosti, usiku hushuka kwenye nyuzi 20 au 22 tu, na mgeni wa Ulaya anaweza kucheka. Lakini inaingia juu ya unyevu. Masika huiloweka nyumba tangu Machi mpaka Mei, godoro linanyonya, kuta zinanyonya, na kipupwe kinapofika mzee analala juu ya kitu ambacho hakijakauka tangu mwezi wa tatu. Kosa letu la kwanza lilikuwa kuanza kazi Juni, kwa kununua blanketi. Kazi inaanza Februari, wakati wa kaskazi, jua likiwa kali na fundi hana foleni.

Anza na paa. Mwambie mtoto asimame ndani mchana milango ikiwa imefungwa, ahesabu vitobo vya mwanga. Kwenye bati, mahali panapovuja mara nyingi si katikati ya bati bali kwenye msumari: kile kimpira chini ya kichwa cha msumari hukauka na jua, kikapasuka. Kubadilisha misumari ni rahisi kuliko kubadilisha bati. Sisi tulibadilisha bati mbili na misumari ya upande mzima wa kusini, na hesabu ilikula pensheni ya bibi ya miezi miwili. Hii ni Pensheni Jamii, ambayo Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa mpaka 50,000. Kuzitumia pesa za mzee kwa paa tunalolala chini yake sote si jambo la kujivunia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya matengenezo, maji yakaendelea kumdondokea bibi usoni. Fundi akarudi mara mbili, akatafuta tobo, hakuliona, na kila safari tukamlipa. Kumbe hapakuwa na tobo. Usiku usio na mawingu, bati hupoa haraka kuliko hewa ya ndani, na ule mvuke wa pumzi na wa ukuta wenye unyevu hugeuka maji chini ya bati, yakashuka matone karibu na alfajiri. Alama yake ni hii: linatona hata siku isiyo na mvua. Dawa yake ni dari, na kama hamna uwezo wa dari ya mbao, funga mkeka wa ukindu au kitambaa kizito juu ya kitanda, kiinamie upande mmoja ili maji yateremkie ukutani. Vitanda vya besera vya zamani vilikuwa na paa la nguo juu yake. Tulidhani ni urembo.

Sakafu ndiyo iliyotuchezea zaidi. Wakati wa masika saruji hutoka jasho, na watu husema tu "nyumba ina maji." Kuna maji ya aina mbili na dawa zake hazifanani. Kata kipande cha nailoni nzito, nusu mita kwa nusu mita, kibandike sakafuni kwa selotepu pande zote nne, ukiache usiku kucha. Asubuhi kibandue. Ukikuta maji upande wa chini, unyevu unapanda kutoka ardhini. Ukiyakuta upande wa juu, ni hewa yenye unyevu iliyokutana na sakafu iliyopoa. Ya ardhini huzuiwa nje: chimba mfereji nusu mita kutoka ukutani, kina cha jembe, uteremke kuelekea shambani, na hakikisha maji ya bati hayamwagiki miguuni mwa ukuta. Ya hewani huzuiwa kwa madirisha: fungua saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni siku kavu, funga mvua inapoanza na jua linapozama. Sisi tulikuwa na yote mawili, na tulichokifanya kabla ya kujua ni kutandika kapeti la plastiki chumba kizima. Baada ya mwezi tukalifunua: chini yake pamekuwa peusi kwa kuvu, na harufu ile bibi alikuwa akiivuta kila usiku.

Kitanda kisogezwe shubiri 2 kutoka ukuta wa nje, upepo upite nyuma yake. Urefu wake upimwe kwa mwenyewe: akikaa ukingoni, nyayo zote mbili zigusane na sakafu na magoti yawe sawa na nyonga au chini kidogo. Kirefu mno anateleza, kifupi mno hawezi kuinuka. Msikiinue kwa matofali yaliyopangwa tu, siku moja tofali litahama.

Kuhusu matandiko, sisi tulirundika juu: blanketi mbili, kisha ya tatu. Bibi akalalamika kifua kinambana na miguu bado ni barafu. Baridi ilikuwa ikitoka chini. Godoro la sponji lililozeeka likilaliwa hubonyea likawa jembamba, na kwenye kitanda cha kamba upepo unapita moja kwa moja. Sasa mpangilio ni huu kutoka chini: mkeka mzito, busati, godoro, blanketi moja lililokunjwa mara mbili, shuka. Juu yake shuka na blanketi moja jepesi. Amelala vizuri zaidi kwa blanketi mbili zilizopangwa hivyo kuliko tatu za juu. Godoro la sufi nalo ni zuri sana kwa joto, ila linakunywa unyevu na kufanya mabonge. Liende juani kila wiki kunapokuwa na jua, linapigwa kwa fimbo, linageuzwa.

Nguo: fulana mbili nyepesi hushinda sweta moja zito, kwa sababu hewa iliyokaa katikati ndiyo inayozuia joto lisitoke, na moja ikilowa inavuliwa peke yake. Kichwani ushungi au kofia hata akilala. Soksi kitandani ni sawa, lakini akishuka nazo kwenye saruji laini ni sawa na kumpaka mafuta miguuni. Weka viatu vya mpira vilivyofunga kisigino pale pale miguu inapotua.

Sasa lile la chupa. Tulikuwa tukimwekea chupa ya maji ya moto miguuni usiku kucha, tumeizungushia kanga. Asubuhi ya siku ya nne, mjukuu akimwosha miguu, aliona kwenye kisigino lengelenge kubwa, limejaa maji, na bibi anauliza kuna nini, mbona mmenyamaza. Hakuhisi chochote. Kisukari cha miaka mingi huua hisia za nyayo, na kitu ambacho wewe ungekirusha kwa mguu, yeye hulala nacho mpaka asubuhi. Kidonda kile kilichukua wiki saba kufunga, kusafishwa kila siku ya pili, na nauli ya kwenda na kurudi kituo cha afya. Tangu hapo chupa ni ya kupashia kitanda, si ya kumpashia mtu: changanya maji yaliyochemka na ya mtungini kiasi sawa kwa sawa, yatakuwa nyuzi 60 hivi, tia kwenye mpira wa maji ya moto, toa hewa, funga, uuweke katikati ya matandiko nusu saa kabla hajalala. Anapopanda yeye, chupa inashuka. Chupa za soda hujikunja kwa maji ya moto na zikapasuka mshono, msizitumie.

Mafuta ya karafuu nayo tuyaseme, maana Pemba kila nyumba inayo kichupa. Yakipakwa matupu yanachoma ngozi ya mzee, na kwa kuwa yanatia ganzi, hasikii yanavyomchoma. Tone 1 kwa vijiko 2 vya chai vya mafuta ya nazi latosha kuchulia magoti. Yasipakwe miguu ya mwenye kisukari kisha ikawekwa karibu na kitu cha moto, hapo mnajumlisha ganzi mbili.

Seredani, jiko la makaa, haiingii chumbani. Tunalisema bila nyongeza kwa sababu kila kipupwe kuna mtu atakayeingiza makaa "yaliyokwisha moshi", akafunga mlango, akidhani moshi ndio hatari. Makaa mekundu yasiyo na moshi, hata yaliyofunikwa jivu, hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayokamata nafasi ya oksijeni kwenye damu. Huanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Kwa mzee dalili hizo husingiziwa uzee, na hapo ndipo watu wanapompoteza wakidhani kalala. Bibi alidai seredani yake wiki nzima, akitukumbusha kwamba mama yake aliota moto chumbani maisha yake yote. Ni kweli, ila nyumba ya mama yake ilikuwa ya makuti, hewa ikipita kila upande. Tumeifunga ya kwetu kwa plasta na bati, tukaifanya chungu chenye kifuniko.

Saa mbaya kuliko zote ni ile ya kuelekea alfajiri. Mwili umepoa, dawa ya presha bado imo mwilini, giza, na mzee anataka kwenda kutia udhu. Chooni ndipo wanapoanguka. Sakafu yetu ilikuwa imesuguliwa laini kama sahani, fundi akajisifu, na ikaota utelezi wa kijani kila masika. Tumemwaga saruji nyembamba juu yake na kabla haijakauka tukaiburuzia ufagio wa chelewa, ikabaki na mistari ya kushika unyayo. Kila Ijumaa husuguliwa kwa brashi na sabuni. Ukutani tumekaza mti wa mkoko kwa boliti, tokea mlango wa chumba mpaka chooni, kimo cha kifundo cha mkono wake akiuteremsha. Kamba haifai, inayumba naye. Mitalawanda, vile viatu vya mbao alivyokuwa akivipenda, tumeiweka juu ya kabati kwa heshima zake zote.

Maji ya udhu hutiwa kwenye chupa ya chai ya lita 1 saa nne usiku. Alfajiri bado ni ya moto. Tia kwanza maji baridi kwenye ndoo, kisha ya moto, upime kwa kiwiko. Ukianza na ya moto gizani, kuna siku utasahau kuongeza baridi. Anakaa kwenye kibao, ndoo juu ya kibao kingine, hainami. Siku akiwa na homa, kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa vumbi safi badala ya maji, kuna ruhusa yake kwa anayeogopa madhara ya maji. Sisi tulipomwambia alikataa katakata. Sheikh wa msikitini alipokuja kumjulia hali akamweleza yeye mwenyewe, akakubali, na akatuuliza kwa nini hatukumwambia mapema.

Kabla ya kusimama akae ukingoni dakika 2, achezeshe vidole vya miguu. Dawa ya presha inayokojosha inywewe asubuhi, si usiku. Ya bibi ilikuwa ikipewa baada ya isha kwa sababu ndipo mtu wa kumpa alipokuwa nyumbani, na ndiyo iliyokuwa ikimwamsha mara tatu kwenda nje mvuani. Naye, kwa akili yake, akaacha kunywa maji tangu adhuhuri ili asitoke. Midomo ikakauka, choo kikawa kigumu, kizunguzungu kikaongezeka. Tulipomwekea ndoo ndogo yenye kifuniko chini ya kiti kilichotobolewa, pembeni ya kitanda, na taa ndogo ya sola inayokaa usiku kucha, akarudi kunywa. Chandarua kichomekwe chini ya godoro pande tatu, upande wa kushukia uachwe bila kuburuta sakafuni, kwa maana kimeshawakwaza wengi. Koroboi na chandarua havikai chumba kimoja.

Usiku asilale na njaa. Uji wa mchele wenye pilipili manga, au boko boko laini kwa asiye na meno, kikombe kimoja kabla ya kulala. Kwa mwenye kisukari hilo lina sababu ya pili: sukari ikishuka usiku humtoa jasho la baridi, mikono inatetemeka, maneno yanachanganyika, na watu hukimbilia kumfunika blanketi. Akiwa na fahamu na anameza, mpe maji yenye vijiko 3 vya sukari kwanza, pima kama mna kipimo, funika baadaye.

Siku aliyougua, kipupwe kile cha kwanza, hakuna aliyeona kitu cha ajabu. Mwaka ule karafuu zilizaa, watu wazima wote walikuwa mashambani, nyumbani amebaki na watoto wa skuli. Mjukuu akampelekea chai.

"Shikamoo bibi."

Hakuitikia marahaba. Akasema, pole pole, "Weka." Hakudai tambuu yake. Mtu ambaye kila asubuhi huuliza popoo iko wapi, nani kamaliza chokaa, siku hiyo kanyamaza, na sisi tukashukuru kwamba leo katulia. Mikono ilikuwa baridi, tukamchua kwa mafuta mpaka adhuhuri. Jirani, muuguzi mstaafu, ndiye aliyeingiza mkono chini ya nguo akamgusa tumbo. Tumbo lilikuwa baridi. Mikono na miguu ya mzee inaweza kuwa baridi kila siku, lakini tumbo na kwapa vikipoa, mwili wote umepoa. Akamhesabu pumzi kwa dakika nzima, si nusu: 32. Kipimajoto cha kwapani kilisema 34.6. Chini ya 35 ni hatari, na shuka la chini lilikuwa limelowa mkojo tangu usiku.

Tulidhani ni baridi. Ilikuwa kichomi, yaani nimonia. Hatukumwona na homa wala hakukohoa sana, na ndivyo kinavyokuja kwa wazee wengi: mtu anapoteza hamu ya chakula, anachanganyikiwa, anaanguka, joto likashuka badala ya kupanda. Pumzi kufika 30 kwa dakika si ya kungoja kesho. Yule jirani alituonyesha la kufanya: vua vyote vilivyolowa, kausha kwa kupangusa bila kusugua, funika mwili na kichwa kwa vitu vikavu, mpe chai ya sukari vijiko vijiko maadamu anameza vizuri, msimsimamishe, msimweke kitu cha moto mikononi wala miguuni. Kusugua viungo vya mwili uliopoa hivyo, tulikokufanya asubuhi nzima, ni kosa, maana huirudisha damu iliyopoa moyoni kwa haraka. Kisha tukakodi gari, alale kiti cha nyuma, madirisha yamefungwa. Gari ya abiria ingekuwa nafuu, na angeloa mara mbili njiani.

Alilazwa siku tisa. Alirudi hawezi kutembea bila kushikwa, ikachukua mpaka vuli kuufikia mlango wa nje peke yake. Dawa, gari, chakula cha wanaomlinda, na siku za karafuu zilizopotea: tuliacha kupiga hesabu.

Kipimajoto sasa kinaning'inia kwenye msumari juu ya kitanda. Cha dijitali kikiandika "Lo" si kibovu. Joto limepita chini ya kipimo chake cha mwisho, kwa vingi ni nyuzi 32. Dawa za miezi miwili huchukuliwa kabla ya mvua kubwa, zikatiwa kopo lenye kifuniko cha kukaza. Kuna zamu ya alfajiri, jina kwa siku, na kazi ya mwenye zamu ni mambo matatu: shuka limekauka? tumbo lina joto? keshauliza tambuu?

Dari ya mbao bado. Fundi ameahidi Februari, na bibi ameshatangaza kwamba yeye kitanda chake hakitoki chumbani hata siku moja, kama tunataka kugongelea mbao tugongelee yeye akiwa chini yake.